Dakika mbili kutoka Topkapı

Kikundi: SAFARI YA BIBI 🧳

Idi: Jamani nimepata! Hoteli ya Istanbul, ina alama 8.9, vyumba vitatu vimefuatana, bei karibu nusu ya zile za jana. Wameandika "dakika 2 kwa miguu kutoka Topkapı". Yaani tunaamka, tunanawa uso, tuko kwenye kasri la masultani. Nilipie?

Salma: Lipa kabla havijachukuliwa

Shangazi Mwana: Mashaallah mwanangu, macho yako hayalali.

Zuhura: Idi, USILIPE

Zuhura: Nitumie ramani. Picha za vitanda kaa nazo.

Idi: 📷 Picha

Zuhura: Nilijua tu. Hiyo ni Topkapı ya kituo cha tramu, siyo Topkapı ya kasri. Jina moja, mahali pawili. Hiyo yako ni mtaa ulio kwenye kuta za kale za Istanbul, upande wa magharibi, karibu na makumbusho ya Panorama 1453. Kasri lenyewe liko kule nchani, ardhi inapoishia baharini. Kutoka hapo pako hadi Sultanahmet, mtaa ulio karibu na kasri, ni kama vituo kumi vya tramu.

Idi: Kumi??

Salma: 😂😂😂 nawa uso vizuri

Idi: Lakini wameandika Topkapı!

Zuhura: Na ni kweli wako Topkapı. Ndiyo maana nasema ramani kwanza.

Baba Mdogo Hamisi: Asalaam alaykum. Nimesoma yote. Vituo kumi ni nini? Watu wanakwenda kazini kila siku mbali kuliko hapo. Nusu bei ni nusu bei.

Rehema: Waalaykum salaam, shikamoo Baba Mdogo. Kwa sisi si neno. Ila Bibi hashindi njiani kutwa. Saa saba mchana lazima arudi, aswali, anyooshe miguu, ndipo atoke tena alasiri. Hoteli ikiwa mbali, akirudi ndiyo basi, na mmoja wetu anabaki naye chumbani. Tutalipia siku tano tutumie asubuhi tano.

Baba Mdogo Hamisi: Marahaba. Hapo umenishika.

Salma: Basi mtaa wa Galata! Hii hapa, mita 400 kutoka kwenye ule mnara wa kale, na paani wana sehemu ya kukaa unaona bahari yote 😍

Zuhura: Mita 400 za ndege arukaye. Wewe huna mbawa, na Bibi ndiyo kabisa. Galata ni mlima. Mwaka 1875 walifungua treni ya chini ya ardhi, Tünel, kuwapandisha watu kutoka Karaköy chini hadi Beyoğlu juu. Ya pili duniani baada ya ile ya London, na ina vituo viwili tu! Mtu hachimbi handaki kwa kilima cha mchezo. Mimi mara ya kwanza nililala Galata, mawe ya njia yalilikata gurudumu la begi langu siku ileile niliyofika. Nguvu za vitafunio vya asubuhi zilikuwa zikiniishia kabla sijafika juu.

Salma: Haya nimefuta

Baba Mdogo Hamisi: Mimi nimeona moja Üsküdar. Kilomita 3 tu kutoka msikiti wa Ayasofya, na bei nzuri.

Zuhura: Baba Mdogo, katikati ya hizo tatu kuna bahari, Bosphorus 🙈 Hiyo iko Asia.

Baba Mdogo Hamisi: Loh.

Zuhura: Si pabaya lakini. Feri zipo, na tangu 2013 kuna Marmaray, treni inayopita chini ya bahari. Üsküdar na jirani yake Kadıköy ni pazuri kwa mtu anayekwenda mara ya pili, anayetaka kukaa na wenyeji. Sisi karibu kila tunachotaka kuona kiko ng'ambo ya Ulaya. Kila asubuhi tuanze kwa kuvuka, kila jioni tuhesabu saa ya kurudi, ya nini?

Shangazi Mwana: Sasa Zuhura, umekataa zote. Tulale wapi, msikitini?

Zuhura: 😂 Shangazi nisamehe. Ushauri wangu ni Sirkeci. Sultanahmet kwenyewe ni kuzuri, Ayasofya na Msikiti wa Buluu vinatazamana hapo hapo, ila nyumba nyingi za wageni ni majumba ya zamani, ngazi nyembamba, na vichochoro vya kushukia baharini vina mteremko. Sirkeci ni chini kidogo, tambarare. Tramu ya T1 inapita mlangoni, vituo viwili umefika Sultanahmet. Ukienda upande wa pili unafika Eminönü kwa miguu, ndipo feri zinapoondokea. Marmaray nayo ina kituo hapo, ingawa ni cha chini sana, ngazi za umeme hazikwishi. Bibi akichoka popote tulipo, tunatafuta T1 tu. Hakuna kubadilisha, hakuna kupanda kilima.

Rehema: Na kelele?

Zuhura: Zipo. Tuombe chumba cha nyuma, kisichotazama reli.

Idi: Nimepata mbili za Sirkeci. Ya kwanza ina lifti, nimewaandikia kuhakikisha.

Idi: Wamejibu. Lifti ipo. Ila inaanzia ghorofa ya kwanza 😐 kutoka mlangoni unapanda ngazi 14 ndipo uikute.

Shangazi Mwana: Lifti ya nini sasa hiyo?

Baba Mdogo Hamisi: Ya kushukia labda.

Idi: Ya pili lifti inaanzia chini, mlangoni kidato kimoja. Nimewaomba wanipigie picha ya mlango, wamepiga. Vyumba viwili vya nyuma, kimoja cha mbele.

Salma: Cha mbele nachukua mimi, silali mapema

Baba Mdogo Hamisi: Bei?

Idi: Iko katikati, Baba Mdogo. Si ya jana, si ya Topkapı.

Baba Mdogo Hamisi: Lipa. Na kutoka uwanja wa ndege?

Zuhura: Angalieni tiketi kwanza, viwanja ni viwili. Sabiha Gökçen uko upande wa Asia.

Rehema: Imeandikwa IST.

Zuhura: Huo ni ule mkubwa, kaskazini. Metro ipo, M11, lakini mpaka Sirkeci unabadilisha treni zaidi ya mara moja. Tuna mabegi sita na tunatua usiku. Tukodi gari moja kubwa, tupange na hoteli kabla.

Idi: Nimelipa ✅ Kufuta bure hadi siku tatu kabla.

Shangazi Mwana: Alhamdulillah. Na kasri tusiende Jumanne, nimesoma wanafunga.

Zuhura: Kweli Shangazi. Na Kapalıçarşı, lile soko la kuezekwa, hufungwa Jumapili.

Salma: Jumapili tu jamani?? Basi Jumatatu msinitafute

Rehema: Nimemsomea Bibi yote. Amecheka mpaka machozi.

Rehema: Anauliza, hiyo Topkapı ya Idi kuna nini cha kuona?

Zuhura: Kuta, na ile Panorama. Picha kubwa ya duara juu ya kichwa chako, vita vya 1453 Waturuki walipouteka mji, unasimama katikati.

Rehema: Anasema siku moja mumpeleke. Anataka kuvihesabu mwenyewe hivyo vituo kumi.

Idi: Mwambie kutoka Sirkeci ni kumi na viwili 😭