Kilima kinachokata bonde: ni moreni au mlima uliporomoka?

Mpanda_Miinuko:
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua masuala ya barafu na sura ya nchi. Tasnifu yangu inahusu bonde moja la milimani, juu kabisa ambako miti imekoma. Lina sakafu pana na kuta zilizosimama, lile umbo la U tunalofundishwa. Katikati kuna kilima kirefu chembamba kinachokata bonde kutoka ukuta hadi ukuta. Kimejipinda, na tumbo la pindo limeelekea chini ya bonde. Kijito kimekipasua upande mmoja, na hapo ndipo ninapoona ndani yake: udongo mgumu wa kijivu uliochanganyika na mawe ya kila ukubwa, kuanzia kokoto hadi jabali linalonizidi kimo, bila tabaka hata moja.

Niliandika kwamba ni moreni, yaani kifusi kilichosukumwa na kuachwa na mto wa barafu. Msimamizi wangu akapigia mstari na kuandika pembeni: "Umejuaje? Mlima ukiporomoka huacha kitu kama hiki." Nataka kumjibu kwa ushahidi. Barafu yenyewe haipo tena. Nitazame nini? Na je, umbo la U peke yake halitoshi?

Changarawe:
Tafuta mikwaruzo kwenye mawe. Ukiipata, kazi imekwisha.

Moreni_Kongwe:
Mikwaruzo ni mwanzo tu, Changarawe, nitafika huko. Mpanda_Miinuko, msimamizi wako ameuliza swali la maana sana. Mimi kazi yangu ni kupima moreni na swali hilo nakutana nalo kila bonde ninaloingia, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa kirefu.

Umbo la U lichukue kama dokezo. Barafu iliyojaa bondeni hukwangua sakafu na kuta kwa pamoja, ndiyo maana bonde hupanuka hadi chini, wakati mto hukata pale unapopita tu. Lakini bonde la mto likijazwa mashapo nalo hupata sakafu bapa, na kuta za mwamba mgumu husimama wima hata bila barafu. Kwa hiyo tazama mabonde ya pembeni. Barafu kubwa huchimba bonde kuu kwenda chini zaidi kuliko barafu ndogo zinazoingilia ubavuni. Zote zikishayeyuka, yale mabonde madogo hubaki yananing'inia juu na maji yake huanguka kwa kishindo. Maporomoko ya Bridalveil kule Yosemite, Marekani, yanatoka kwenye bonde la namna hiyo. Kama vijito vyako vya pembeni vinaingia bonde kuu taratibu bila kuanguka popote, basi hoja yako ya U imepungua nguvu.

Kisha mwamba wa sakafuni. Barafu tupu ni laini, haiwezi kukwaruza mwamba. Kinachokwaruza ni mawe na mchanga ulioganda kwenye kitako chake, unaoburutwa chini ya uzito wa barafu yote iliyo juu. Tafuta kinundu cha mwamba-mama (mwamba imara wa sakafu yenyewe, si jiwe lililoletwa) kilichochomoza, kisha kipapase kwa kiganja. Upande unaotazama juu ya bonde, ilikotokea barafu, utakuwa umelainika na una michirizi inayokwenda sambamba. Upande unaotazama chini utakuwa umemeguka, una ncha na vidato. Upande huo shinikizo hupungua, maji yaliyo chini ya barafu huingia kwenye nyufa na kuganda, na barafu inapoteleza huondoka na vipande. Mlima ulioporomoka haukuachii mwamba uliosuguliwa upande mmoja na kung'olewa upande wa pili. Usiende saa sita mchana. Nenda jua likiwa chini, umwagie mwamba maji, michirizi itajitokeza yenyewe.

Sasa kilima chako. Udongo usio na tabaka wenye mawe ya kila ukubwa hauthibitishi lolote. Barafu huacha hivyo, tope lililoteremka na mawe huacha hivyo, mlima ulioporomoka huacha hivyo. Tofauti imo kwenye mawe yenyewe, na huwezi kuipata kwa kutazama jiwe moja zuri. Pale kijito kilipopasua, chukua mawe 50 ya aina moja ya mwamba, bila kuchagua. Kila jiwe lipime urefu, upana na unene, uandike kama kingo zake ni kali au zimefifia, na kama lina mikwaruzo. Halafu, hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, fanya hivyohivyo kwa mawe yaliyomeguka chini ya ukuta wa bonde, na tena kwa mawe ya kijito. Bila hayo makundi mawili huna cha kulinganishia. Mawe yaliyosafiri chini ya barafu huelekea kuwa manene kiasi, kingo zimefifia, yana nyuso bapa zilizosagwa, na mikwaruzo mara nyingi hufuata urefu wa jiwe. Mawe ya ukutani ni ya ncha, na mengi ni mabamba au marefu membamba. Mawe ya mto yameviringika.

Dalili za mlima ulioporomoka nazo ni zake. Utaona jabali lililopasukapasuka lakini vipande havijaachana, ukivisogeza vinarudiana. Utaona kifusi kizima ni cha aina moja ya mwamba. Na juu ukutani lazima kuwe na kovu mahali ulipotoka mzigo huo. Ukitazama juu hukuti kovu, na kilimani una miamba ya aina tatu ambayo mmojawapo hupatikana tu kwenye chanzo cha bonde, maporomoko ya ukutani hayawezi kueleza hilo.

Bi_Theluji:
Naongezea kwa Moreni_Kongwe, maana kuna hali ya tatu na msimamizi anaweza kuwa anaiwaza hiyohiyo: mlima kuporomokea juu ya barafu.

Nchini Nyuzilandi, mbele ya barafu ya Franz Josef, kuna kilima kilichopinda kinachoitwa Waiho Loop. Kwa umbo ni moreni ya mwisho, yaani ile inayoachwa pale barafu ilipoishia, isiyo na shaka, na kwa miaka mingi kilitumika kama ushahidi kwamba baridi ilirejea kule kusini mwishoni mwa Zama za Barafu. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza mawe yake. Walikuta sehemu kubwa ni mawe ya mchanga yenye ncha kali, wakati moreni nyingine za barafu hiyohiyo zimejaa shisti, mwamba wa aina nyingine wenye matabaka membamba. Hoja yao ni kwamba mlima uliporomokea juu ya barafu, kifusi kikaifunika isiyeyuke haraka, barafu ikasonga mbele na kumwaga mzigo wote pale. Yaani ni moreni kweli, lakini huenda haisemi chochote kuhusu baridi. Mjadala ulikuwa mkali, na mimi nauona una faida kubwa kwa kila mwanafunzi wa fani hii, kwa sababu watu walikuwa wameshasoma hali ya hewa kutoka kwenye kilima kabla ya kusoma mawe yake.

Kwa hiyo dada au kaka, tasnifu yako itenge maswali mawili. Kwanza, je, barafu ndiyo iliyokiweka hapo kilima? Pili, kwa nini ilisimama hapo? La pili usiliguse kabla ya kumaliza la kwanza.

Mpanda_Miinuko:
Asanteni sana, nimerudi kutoka bondeni. Mabonde mawili ya pembeni yananing'inia, yote yana maporomoko ya maji. Vinundu nimevikuta nyuma ya kilima, vimelainika upande wa juu na kumeguka upande wa chini, na michirizi imeelekea chini ya bonde. Kwenye mawe 50 ya kilima, mengi kingo zimefifia, na mengine yana mikwaruzo. Ya ukutani karibu yote yana ncha. Kovu sikuliona. Kuna kitu kimoja kimenigusa: jiwe la rangi ya kijani lenye chembe kubwa, ambalo ukutani halipo kabisa. Nimelikuta tena juu kabisa, kwenye chanzo cha bonde.

Sasa msimamizi ameridhika na moreni, ila ameuliza: ya lini? Mgongoni mwa kilima kuna majabali makubwa, na nyuma yake kuna bwawa dogo lenye tope.

Moreni_Kongwe:
Jiwe hilo la kijani ndilo la kuweka mbele kwenye tasnifu, pamoja na ramani ya mahali ulipolikuta juu na chini. Hongera, umefanya kazi ya uhakika.

Kuhusu umri una njia mbili, na zinapima vitu viwili tofauti. Bwawa lilianza kukusanya tope pale barafu ilipoondoka. Ukitoboa tope hadi mwisho na kupima kaboni-14 (kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana tangu mmea ufe) ya mabaki ya mimea ya chini kabisa, unapata umri ambao barafu tayari ilikuwa imekwishaondoka. Moreni haiwezi kuwa changa kuliko hapo, ila inaweza kuwa kongwe zaidi. Mtafiti Daniel Livingstone (si yule mpelelezi David) alifanya hivyo kwenye ziwa Mahoma, milima ya Rwenzori, na kuchapisha mwaka 1962. Ziwa hilo limezungukwa na moreni, na tope la chini lilitoa karibu miaka 14,700 ya kaboni, yaani kabla ya kusahihishwa, ambayo kwa kalenda ni zaidi ya miaka 17,000.

Njia ya pili ni majabali. Miale itokayo angani hugonga mwamba uliofunuliwa na kutengeneza atomi adimu ndani yake. Kwenye kwatzi, madini meupe au angavu yaliyomo kwenye miamba mingi, hutengenezwa beriliamu-10, na kasi yake usawa wa bahari ni kama atomi 4 tu kwa gramu moja ya kwatzi kwa mwaka. Milimani ni nyingi zaidi. Miale hiyo hudhoofika haraka ndani ya mwamba, ukifika sentimita 60 imebaki karibu theluthi moja. Kwa hiyo jiwe lililokuwa limefichwa chini ya barafu huanza hesabu yake upya likitupwa mgongoni mwa moreni. Huko huko Rwenzori, vipimo vya beriliamu-10 vilivyochapishwa mwaka 2019 vilionyesha barafu ilianza kurudi nyuma takriban miaka 20,000 iliyopita, kabla hewa ya ukaa duniani haijaanza kupanda. 

Mwamba wa majabali yako ni wa aina gani?

Mpanda_Miinuko:
Wa volkeno, mweusi. Kwatzi sijaiona.

Moreni_Kongwe:
Basi beriliamu iache. Mlima Kenya na Kilimanjaro nazo ni za volkeno, na watafiti waliopima moreni zao, wakachapisha mwaka 2000, walitumia klorini-36, atomi nyingine adimu ya namna hiyo, ambayo hutengenezwa kutokana na potasiamu na kalisi. Maabara ni chache na gharama ni kubwa, hivyo kwa ngazi yako ningeanza na bwawa, na majabali niyaandalie maelezo kwa atakayekuja na fedha.

Bi_Theluji:
Na ukiyaandalia maelezo, chagua kwa ukali. Jabali liwe kubwa, limekaa imara mgongoni kabisa mwa kilima. La ubavuni liache, linaweza kuwa limebingirika jana. Dogo lililozama nusu liache, linaweza kuwa limefunuliwa na mvua muda mrefu baada ya barafu kuondoka, na umri wake utakuja mdogo mno. Chukua sampuli sentimita chache za juu, sehemu iliyo bapa, mbali na kingo. Kabla hujagonga nyundo, pima kwa dira na kipimapembe urefu wa milima inayokuzunguka kila upande, maana kila kilele kinachoziba anga kinapunguza miale na maabara watakuuliza hizo namba. Na majabali yasipungue matano kwa moreni moja. Likiwa moja likakupa jibu la ajabu, hutakuwa na la kulipima nalo.