Taarifa za siri za Waingereza Ghuba, 1939–1945: tuzifanye msingi wa historia?

MTOA MADA

Wakuu, salaam. Tangu 2014 majalada mengi ya ofisi za Waingereza katika Ghuba ya Uajemi yanasomwa bure kwenye Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, yakiwemo ya Bushehr, upande wa Iran (namba ya jalada R/15/1), na Bahrain (R/15/2). Siku hizi anayeandika habari za Bahrain, Dubai au Sharjah wakati wa Vita vya Pili huanzia humo, na wengi huishia humohumo. Tuulizane basi: yanategemeka?

Mimi nasema yanategemeka, mradi kila habari iulizwe imeingia kwa mlango upi. Nieleze taarifa ilivyotengenezwa, maana inanukuliwa sana na watu wasiojua ilivyopikwa.

Wakala wa Kisiasa wa Bahrain, yaani mwakilishi wa Uingereza kisiwani humo, alitoa muhtasari wa siri mara mbili kwa mwezi: mmoja wa tarehe 1 hadi 15, mwingine wa tarehe 16 hadi mwezi unapokwisha. Muhtasari ulipewa namba ya mwaka na aya zake zilihesabiwa. Vichwa vilijirudia: meli zilizotia nanga, maofisa waliopita, mambo ya mjini, habari za Ibn Saud, mfalme wa Saudia, habari za Pwani ya Mapatano (ndiyo Falme za Kiarabu za leo), watumwa waliopewa hati za uhuru, hali ya hewa. Nakala zilipelekwa kwa Rezidenti, mkubwa wa mawakala wote wa Ghuba aliyekaa Bushehr, kwa ofisi jirani na kwa Serikali ya India ya Waingereza. Kila ngazi ilifupisha, kwa hiyo kilichofika London mara nyingi kilikuwa muhtasari wa muhtasari.

Uzito wa habari haulingani. Yapo ambayo Wakala alikuwa na karatasi zake mezani: meli, bei ya mchele, nani kaomba kibali cha safari. Yapo aliyopewa na Charles Belgrave, mshauri wa mtawala wa Bahrain tangu 1926. Zipo barua zilizofunguliwa: posta za Bahrain, Kuwait na Dubai ziliendeshwa na Posta ya India, kwa hiyo mkaguzi hakuwa na haja ya kumbembeleza sheikh yeyote. Halafu zipo za "inasemekana sokoni". Hizi za mwisho ndizo zinazonukuliwa kuliko zote kwa utamu wake, na ndizo dhaifu kuliko zote.

KUSI

Mkuu, umeeleza vizuri habari zilivyopita, lakini hukusema watu walizitoa kwa nini. Karibu kila aliyepanda ngazi za ofisi ile alikuwa na shida yake: mfanyabiashara anataka kibali, sheikh anataka kutambuliwa, mtumwa anataka hati. Mwenye shida hutoa maneno yanayomfaa, mengine huyameza.

Chukua Sharjah. Kabla ya vita hapakuwa na ofisa wa kisiasa Mwingereza aliyeishi Pwani ya Mapatano. Kazi ilifanywa na Wakala wa Rezidensi, yaani mjumbe wa ofisi ya Rezidenti, mtu wa eneo lenyewe au wa nchi jirani. Isa bin Abdullatif al-Serkal, aliyeshika nafasi hiyo hadi 1935, alikuwa mfanyabiashara tajiri mwenye maslahi yake pale pale pwani. Mwaka 1936 akaja Abdul Razzaq Razuqi. Ofisa Mwingereza alianza kuletwa majira ya baridi ya 1939–40, na alikaa miezi ya baridi tu. Ofisa wa mwaka mzima hakupatikana hadi 1948. Maana yake, kila kiangazi cha vita jicho na mdomo vilikuwa vya mtu mmoja.

Mwaka 1940 Abdullah bin Faris, katibu wa Sheikh Sultan bin Saqr, mtawala wa Sharjah, alituhumiwa kuwa mpenzi wa Wajerumani, na kwamba matangazo ya Kiarabu kutoka Berlin yalikuwa yakifunguliwa kwa sauti kwa sheikh mpaka watu wakajaa kusikiliza. Mwenyewe alikana. Sasa nani athibitishe? Mlango ulioleta tuhuma ndio uleule ambao ungeulizwa kama ni kweli. Tusisahau na hali ya mji: Sheikh Said bin Maktum, mtawala wa Dubai, alikuwa amevunja majlis (baraza la wakubwa wa mji lililotaka kumpunguzia madaraka) tarehe 29 Machi 1939, waliokimbia wakapokelewa Sharjah, na Januari 1940 miji hiyo miwili ikapigana. Katika uhasama wa namna hiyo, kumwita mtu "Mjerumani" mbele ya Mwingereza ni kumchongea kwa bei rahisi kabisa.

Na mtandao wote huo haukujua kitu tarehe 19 Oktoba 1940, ndege za Italia zilipokuja kudondosha mabomu kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Bahrain.

MTOA MADA

Kuhusu ndege, ndugu Kusi, kipimo hicho sicho. Zilitoka Rhodes, zikaruka takriban saa 15 na kutua Eritrea. Moja ilipotea njia na mabomu yake yakaangukia Dhahran, upande wa Saudia. Hakuna nahodha wala karani wa Manama ambaye angenusa mpango wa namna hiyo. Swali hilo waulizwe waliosikiliza simu za upepo za Italia. Mtandao wa mawakala ulijengwa kujua nani kamtembelea nani, nani ana deni, nani anaelekea kwa Ibn Saud.

Kuhusu Bin Faris nakubali nusu. Tuhuma yenyewe siwezi kuibeba kama ukweli. Lakini kwamba Berlin ilisikilizwa Ghuba, hilo lina mashahidi nje ya wakala: BBC ilifungua matangazo ya Kiarabu Januari 1938 kwa sababu Redio Bari ya Italia ilikuwa imewatangulia tangu 1934, na mwaka 1940 Waingereza wakaanzisha redio Bahrain. Gharama hizo haziingiwi kwa ajili ya uvumi wa mtu mmoja. Tutenganishe basi: jambo la jumla lina ushahidi, jina la mtu halina.

KARANI WA BANDARI

Mnajadili siasa, mnaruka chakula, wakati nguvu ya upelelezi wa vita hivi ilikuwa kwenye gunia la mchele na la sukari.

Kabla ya vita, sheikh au mfanyabiashara aliweza kumkwepa Wakala mwaka mzima. Mgao ulipoanza, njia ya kumkwepa ilizibwa. Mchele, ngano, sukari, chai na nguo vilikuja kwa kiwango kilichopangwa, na mpango mkubwa wa shehena za Mashariki ya Kati ulisimamiwa kutoka Cairo na Kituo cha Ugavi kilichoanzishwa 1941. Ili kugawa lazima ujue vinywa ni vingapi. Bahrain ikahesabiwa Januari 1941, sensa yake ya kwanza: watu 89,970. Namba hiyo naiamini kwa sababu nyumba zilipitiwa.

Pwani ya Mapatano haikuhesabiwa hivyo. Huko namba ilikuwa makadirio, na makadirio yalikuwa na wavutaji wawili. Sheikh alitaja watu wengi, kwa kuwa kila kichwa kilichoongezeka kilileta sukari. Ofisa alipunguza, kwa kuwa meli zilikuwa chache na alijua ziada itavuka kwenda Iran, ambako baada ya uvamizi wa Agosti 1941 bei zilikuwa juu. Namba iliyoandikwa ni mahali walipokutana. Anayeichukua leo na kuchora nayo jedwali la ongezeko la watu anachora mzozo wa sukari.

Kosa la pili ni neno "magendo". Kitambaa kikitoka Dubai kwenda pwani ya Iran, mwandishi wa ripoti anaandika magendo. Kwa familia zilizo na ndugu pande zote mbili za maji, hiyo ilikuwa biashara ya babu zao, iliyobadilishwa jina na mgao. Ukisoma aya ya magendo, tazama vitu vitatu: aina ya bidhaa, bandari iliyotajwa, na kama kuna chombo kilichokamatwa kweli. Chombo kikikamatwa, kuna jina la nahodha na shehena, na hapo una ushahidi. Kisipokamatwa, mara nyingi unasoma hasira ya ofisa ambaye hesabu zake za ghala hazikufunga.

Nakubaliana na Kusi kwamba habari ililipiwa. Ila ililipiwa zaidi kwa kibali cha gunia kuliko kwa rupia za wapelelezi, na ndiyo maana bei na shehena zimeandikwa vizuri kuliko fikra za watu.

BUMU

Niongeze upande unaotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Majalada hayohayo yana mamia ya maelezo ya watu waliokimbilia ofisi za Bahrain, Sharjah, Kuwait na Muscat kuomba hati ya uhuru, wengi kabla ya vita. Wamo waliotekwa Baluchistani, wamo wenye asili ya pwani yetu, wamo waliozaliwa Ghuba kwa wazazi Waafrika. Maelezo yana mtindo mmoja: jina, baba, umri, mahali alipozaliwa, alitekwaje, kauzwa kwa nani, bwana wake wa sasa nani, alama ya dole gumba.

Mtego uko kwenye mtindo huo. Mtu alisema, karani akaandika Kiarabu, mwingine akageuza Kiingereza, na mwombaji alijua ni maneno gani yanafungua mlango. Umri ni wa kukisia. Majina ya mahali yamepita masikio mawili matatu, na mtu aliyetekwa mtoto wa miaka sita huenda alijua jina la kijiji tu. Usikimbilie kulipachika kwenye ramani ya Kilwa au Lamu kwa kufanana sauti. Kilicho imara ni minyororo ya mauzo ya mwisho: bwana, mji, chombo cha lulu alichozamia. Hayo yaliulizwa tena, kwa kuwa bwana naye alikuja kupinga.

Na kuhusu habari za majahazi: mabumu (aina ya majahazi makubwa) ya Kuwait na ya Sur, Oman, yaliteremka kwetu na kaskazi, yakarudi na kusi yakiwa na boriti. Nahodha aliyefika Ghuba mwezi Mei alikuwa na habari za Mombasa za wiki kadhaa nyuma. Ripoti inaweka tarehe ya kuandikwa, haiweki tarehe ya tukio. Wengi wamepanga matukio kichwa chini kwa kosa hilo.

KUSI

Hoja ya mgao naipokea, ni nzito kuliko yangu. Lakini bado sikubali neno "msingi". Wazamiaji wa lulu walikuwa wamefilisika tangu lulu za Japani zilipoua soko, na humo wanaonekana wakigoma au wakidaiwa tu. Wanawake hawaonekani kabisa, isipokuwa wakija kuomba hati. Msingi unaoacha nusu ya nyumba hewani ni msingi gani?

MTOA MADA

Hapo sina la kukujibu. Ila kuna kitu ndani ya majalada yaleyale ambacho wasomaji wa Kiingereza hukipita haraka, nasi tunaosoma Kiarabu hatuna sababu ya kukipita. Barua nyingi za masheikh zimo kwa Kiarabu chake, na tafsiri imefungwa karibu nayo. Tafsiri huanza kwa maneno mawili, "Baada ya salamu", kisha inaingia kwenye shida. Salamu zilizokatwa ndizo zilizoonyesha sheikh anamwita ofisa rafiki, mheshimiwa au mkubwa wake, na zilibadilika uhusiano ulipoharibika. Weka barua tano za mtu mmoja kwa Wakala mmoja, kati ya 1938 na 1942, usome salamu tu. Utaona ubaridi ukiingia miezi kadhaa kabla muhtasari wa siri haujaandika kwamba sheikh huyo ana kinyongo.