Tupeane uzoefu: vyakula vya siku ya mechi kubwa, na mpishi naye auone mpira

Mwanzisha mada, Kikwajuni, Unguja

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu vyakula vya kuandaa nyumbani siku ya mechi kubwa, na kila mchangiaji aeleze si chakula tu, bali pia namna alivyokipanga hata aliyekipika akaweza kukaa na wenzake na kuuangalia mpira tangu mwanzo hadi mwisho. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu katika nyumba nyingi ninazozijua wanawake wanaupenda mpira sawa na wanaume na wachezaji wanawajua kwa majina, lakini mabao huyasikia kwa kelele za ukumbini wakiwa wameinamia karai la mafuta.

Mfano ninaoutumia kila mara kwa watu wa nyumbani kwangu ni fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 18 Disemba 2022 kati ya Argentina na Ufaransa. Kwa saa zetu ilianza saa kumi na mbili jioni, adhana ya Magharibi ikasikika kipindi cha kwanza kikiwa kinaendelea, na hadi mapumziko Argentina ilikuwa mbele kwa mabao mawili. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Kisha Mbappé akafunga katika dakika ya 80 na tena katika dakika ya 81, na aliyekuwa amekwenda jikoni kugeuza bajia alirudi akakuta ni mawili kwa mawili. Mechi ikaingia muda wa ziada, ikafika tatu kwa tatu, Argentina ikashinda kwa penalti 4–2, na kufikia hapo watu walikuwa wamekaa karibu saa tatu. Chakula cha fainali, basi, kinapaswa kupangiwa saa tatu wala si dakika tisini, na kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja, macho yakiwa kwenye mpira.

Nyumbani kwetu tumekubaliana kuwa karai linashuka motoni nusu saa kabla ya mpira kuanza, na baada ya hapo hakuna mtu anayekaanga kitu. Chakula chetu kikuu ni katlesi. Mbatata huchemshwa na kupondwa asubuhi, zikachanganywa na nyama ya kusaga iliyokwisha kupikwa kwa thomu, tangawizi, kotmiri na ndimu, zikaviringishwa na kuwekwa mahali pa baridi. Baada ya Alasiri huchovywa kwenye yai na kukaangwa. Katlesi ikipoa haipotezi ladha yake, na hilo ndilo linaloipa nafasi ya kwanza kwangu mbele ya bajia za dengu, ambazo utamu wake wote uko kwenye dakika za mwanzo. Anayependa bajia asizifunike kwa mfuniko wa bati wala wa plastiki, kwa sababu mvuke hurudi chini na kuzilegeza. Azitandaze kwenye sinia lenye karatasi na kuzifunika kwa kawa la ukindu, ambalo linazuia nzi na kuuacha mvuke utoke.

Urojo, pamoja na mapenzi yangu yote kwake, nimeuondoa siku za mpira. Unataka bakuli, kijiko na mikono miwili, na unamtaka mtu wa kusimama kuwapakulia wengine mmoja mmoja.

Mchangiaji wa Malindi, Unguja

Waalaykumu salaam, dada yangu. Utaratibu wako wa karai naupokea kwa moyo mkunjufu, lakini urojo siuachi, na ninaamini kuwa kinachokusumbua ni upakuaji wala si urojo wenyewe.

Sisi tunalipika rojo mapema mchana. Unga wa ngano unakorogwa kwenye maji baridi mpaka usibaki na madonge, unatiwa manjano na chumvi, kisha unachanganywa na maji ya embe mbichi iliyochemshwa na kupondwa, na msimu wa embe ukiwa umepita tunatumia ukwaju, au ndimu ambayo hukamuliwa mwishoni baada ya kuepua. Rojo linakorogwa motoni bila kuachwa hadi liwe na uzito wa uji mwepesi, nalo hupikwa jepesi kidogo kuliko kawaida kwa kuwa huzidi kuwa zito kadiri linavyokaa. Likishaiva linamiminwa kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, ambamo hukaa na moto wake hadi usiku.

Vya kutia ndani vinawekwa mezani kila kimoja kwenye chombo chake: mbatata za kuchemsha zilizokatwa vipande vidogo, kachori, bajia ndogo, mishkaki iliyotolewa kwenye vijiti, chatne ya nazi, pilipili, na chipsi za muhogo. Badala ya mabakuli tunatumia vikombe vikubwa vya chai vyenye mkono, na kila mtu hujitilia mwenyewe wakati wa mapumziko. Mapumziko ni dakika 15, na watu kumi hupita mezani wote kabla ya filimbi iwapo vitu vimepangwa kwa mstari na chipsi zimewekwa mwisho kabisa, kwa kuwa zikitangulia hulowana. Kikombe kinashikwa kwa mkono mmoja. Mama yangu mzazi, ambaye ndiye aliyetufundisha urojo, sasa hukaa mbele kabisa karibu na televisheni.

Mwanzisha mada

Nimelisoma pendekezo la vikombe mara mbili, na nakiri kuwa limenijibu hoja yangu ya mikono. Bado naona kwamba panapokuwa na watoto wadogo waliokaa mkekani, rojo la moto na bao la ghafla ni vitu visivyofaa kukutana. Watoto wapewe kachori kavu na chatne pembeni. Kwa watu wazima nimekubali.

Mchangiaji wa Jang'ombe, Unguja

Mimi ni mwanamme na siku za mpira ndimi mpishi wa nyumba yetu, jambo ambalo naona vijana wengi wangeliweza bila shida. Uwanja wa Amaan hauko mbali nasi, kwa hiyo mechi kubwa zinapochezwa pale, nyumba hujaa wageni hata kama hatukualika mtu.

Siku ninayotaka kuieleza ni tarehe 25 Mei 2025, Simba ilipocheza na RS Berkane ya Morocco mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Simba ilikuwa imefungwa 2–0 kule Berkane, na watu wa bara walivuka kwa maboti kuja kuishangilia. Mashemeji zangu walikuja wanne, na wawili kati yao hawakupata tiketi. Mechi za alasiri zina shida yake: watu wameshakula chakula cha mchana, chakula cha usiku bado, na jua ni kali. Hawahitaji chakula kizito, bali kitu cha kuonja mara kwa mara, na vinywaji vingi vya baridi. Tulisaga juisi ya ukwaju na tukaagiza ya miwa iliyotiwa ndimu na tangawizi.

Sambusa zilikuwa zimefungwa siku mbili kabla. Manda hukunjwa, hujazwa nyama iliyopikwa mpaka ikakauka kabisa, na hufungwa kwa unga uliokorogwa na maji kidogo. Kisha hupangwa kwenye sinia bila kugusana, hugandishwa, na zikishaganda ndipo huingizwa mfukoni. Siku ya mpira hutumbukizwa kwenye mafuta zikiwa bado zimeganda, kwa moto wa wastani, kwa sababu zikiachwa ziyeyuke manda hulowana na kupasuka.

Mishkaki ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Nyama hukatwa vipande vidogo kuliko vya kawaida ili mtu asihangaike kutafuna, ikatiwa thomu, tangawizi, ndimu, bizari, chumvi na kijiko cha papai bichi lililosagwa kwa kila kilo. Papai lina kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama, na ndiyo maana saa mbili zinatosha; nyama ikilazwa nayo usiku kucha huwa kama uji na haishikiki kwenye kijiti. Mkaa niliuwasha uani baada ya Adhuhuri, nikachoma yote, nikaiweka kwenye sufuria nzito iliyozungushiwa taulo. Mpira ulipoanza nilikuwa nimeshanawa mikono. Kila mmoja alichukua kipande cha boflo, akakibana kijiti ndani yake na kukivuta, akabaki na nyama mkononi bila sahani. Simba ilitangulia kufunga mapema na Berkane ikasawazisha katika dakika za nyongeza, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3–1. Huzuni ilikuwa kubwa, lakini sufuria ilirudi jikoni tupu.

Mchangiaji wa Wete, Pemba

Ndugu zangu wa Unguja mmetaja nyama tu, kana kwamba bahari haiko. Kwetu mechi kubwa ni pweza. Hutolewa uchafu na kuoshwa vizuri, kisha huwekwa kwenye sufuria kwa moto mdogo bila kuongezewa maji mengi, kwani pweza hutoa maji yake mwenyewe, na hayo ndiyo yanayomwivisha. Akishalainika hukatwa vipande vya kuingia mdomoni kwa mara moja, hupanguswa kwa ndimu, chumvi na pilipili, na huwekwa kwenye sinia pamoja na vijiti vya meno. Analiwa hata akiwa amepoa. Mchuzi wake hauendi bure: huchujwa, hutiwa pilipili manga na ndimu, na watu hunywa supu kwenye vikombe kabla ya mpira kuanza.

Baada ya mpira ni kahawa chungu na halwa. Halwa ya Wete haihitaji sifa kutoka kwangu. Ninachotaka kusema ni kuwa hiki ni chakula kisichomfunga mtu jikoni hata kidogo, kwa sababu halwa hununuliwa na dele la kahawa hukaa juu ya mkaa wake lenyewe. Wazee wetu wa barazani hutumia muda huo kuuchambua mchezo, na kwao maneno ya baada ya mpira yana uzito sawa na mpira wenyewe, kwa hiyo kuwanyima kahawa wakati huo si adabu.

Mchangiaji wa Chake Chake, Pemba

Naomba niongeze habari ya Ramadhani, ambayo haikutajwa. Mechi za usiku za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, wakati kule kwao ni majira ya baridi, huanza saa tano usiku kwetu. Mwezi wa Machi 2025 zilituangukia ndani ya mfungo, na tarehe 12 Real Madrid na Atlético Madrid wakaenda hadi penalti, ambazo Real ilishinda 4–2. Mpira ulikwisha karibu na saa nane usiku, kukiwa kumebaki muda mfupi tu kabla ya watu kuamka kwa daku.

Nimejifunza kwa shangazi yangu kuwa usiku wa namna hiyo haukaangwi kitu kipya. Mtu ameshafuturu kwa uji, mihogo na samaki, ameswali Tarawehe, na tumbo lake halitaki mafuta mengine. Tunaandaa mkate wa kumimina: mchele ulioloweshwa unasagwa na tui zito la nazi, unatiwa sukari, iliki na hamira, unaachwa uumuke, halafu unamiminwa chomboni na kuivishwa pande zote mbili. Huumuliwa tangu mchana na kupikwa kabla ya futari. Hukatwa vipande vya pembetatu, na kila kipande kinashikika bila kudondosha kitu kwenye busati. Pembeni tunaweka tende, mapande ya tikiti, na maji mengi, kwa kuwa huo ndio wakati pekee wa kunywa maji ya kutosha. Kaimati zilizobaki kwenye futari huja nazo, ingawa watoto huzimaliza kabla ya kipindi cha pili.

Mchangiaji wa Fuoni, Unguja

Sisi ni vijana tuliopanga pamoja na jiko letu ni moja, hivyo maelezo yangu ni mafupi. Tunachangishana, mmoja anapita Darajani kununua njugu, ubuyu na chipsi za muhogo, mwengine ananunua barafu na juisi. Nawaomba wenzangu wa umri wangu wasidharau ubuyu katika mechi ya penalti, maana mtu ananyonya kokwa polepole na mkono una kazi ya kufanya.

Mchangiaji wa Bububu, Unguja

Nimefurahi sana kusoma yote haya, na ninalo ombi la kuwakumbuka wazee wenye sukari na presha, kwa sababu katika sinia zote zilizotajwa wao hubakiwa na maji ya kunywa. Baba yangu ni mpenzi wa mpira tangu ujana wake, na daktari wake amempunguzia mafuta, chumvi na sukari. Yeye tunamchemshia njugu mbichi pamoja na maganda yake, kwa chumvi kidogo sana, kwa saa moja au zaidi hadi punje zilainike. Kumenya kunamchukua muda, kwa hiyo hali nyingi kwa mara moja. Tunamkatia pia matango na tungule zilizotiwa ndimu, na akitaka kitu cha moto tunampa samaki wa kuchoma, jodari au changu, aliyekwisha kutolewa miiba ili asilazimike kuinamia sahani.

Jambo la mwisho ni kuhusu dada wa Kikwajuni na kanuni yake ya karai. Kwetu tumeiongezea kuwa wanaokula wakiwa wamekaa ndio wanaoosha vyombo baada ya mpira, na zamu huandikwa kabla timu hazijaingia uwanjani, ili atakayefungwa asipate udhuru.