Tupeane uzoefu: Kulima na kula wakati wa vita, Kivu

Mleta mada
Wakuu, tangu vita vya 1996 mkulima wa Masisi, Rutshuru, Walikale au Kalehe, huku Kivu mashariki mwa Kongo, hupanga shamba kwa maswali mawili: zao hili litaiva kabla hatujakimbia tena? Na wenye bunduki wakija, watalibeba kirahisi? Wekeni humu mbinu zinazofanya kazi, vipimo na sababu zake. Siasa ina uzi wake.

Jembe_la_Kalehe
Anza na muhogo. Gunia la mahindi lililo ndani ya nyumba huondoka na wa kwanza kuvunja mlango, ila muhogo hukaa ardhini hadi miezi 24, na mporaji hana muda wa kufukua shina moja moja. Usiling'oe lote. Fukua upande mmoja, kata mizizi miwili minene, rudisha udongo, shindilia kwa mguu. Ukishachimbwa una siku 2 au 3 tu kabla ya kuingia michirizi ya bluu na kuoza. Ukizidi miaka 2 ardhini unakuwa nyuzi tupu.

Mama Mbegu
Kinachomaliza familia ni kula mbegu. Maharage ya mbegu yaanikwe hadi ukiuma punje ivunjike, isibonyee. Yachanganye na majivu makavu yaliyochekechwa, mengi ya kujaza nafasi zote kati ya punje, ili wadudu watoboao punje wakose njia. Weka kwenye bidoni (dumu la plastiki), jaza hadi shingoni, ziba kwa nguvu. Kufukia chini ndiko wengi wanakoharibu: unyevu ukipenya, unakuta ukungu. Bora kugawa, bidoni moja kwa shemeji kijiji kingine, nyingine ya kubeba mkikimbia. Bidoni ya lita 5 yenye maharage peke yake hubeba kama kilo 4, zinatosha kiwanja cha mita 20 kwa 25.

Na msidanganyike na maharage ya kutambaa kwa sababu yanazaa zaidi. Yanataka miti ya kuyategemeza, na miti iko porini, kule ambako wanawake wanaogopa kwenda. Yale mafupi hukomaa kwa miezi mitatu hivi, hayadai mti.

Muuguzi wa Kijiji
Jembe_la_Kalehe kasema kweli, ila kaacha hatari kubwa. Muhogo mchungu huloweshwa siku 3 au 4. Vita vikija watu wanaogopa kuuacha mtoni usiibwe, wanautoa baada ya siku moja. Sumu ya sianidi inabaki, na kwa kuwa maharage na samaki hawapo, mwili unakosa cha kuivunja. Matokeo ni konzo: mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa. Hupata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na haina tiba. Nampula, Msumbiji, ilirudi 1992-93 kwa sababu ya vita vya huko.

Kama unga umeshasagwa na una shaka nao, fanya hivi mapema, kabla jioni haijawakuta:

Tia unga mkavu kwenye beseni, usawazishe, weka alama ulipofika. Ongeza maji kidogokidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kuongeza maji. Tandaza juu ya mkeka au turubai, unene usizidi sentimita 1. Muda ni saa mbili juani, au tano kivulini. Sumu hutoka kama hewa, kwa hiyo tabaka nene huifungia ndani. Songa bukari (ugali) siku hiyohiyo. Unga uliolowa ukilala huchacha.

Mpiga_Jembe
Muuguzi, kambini hakuna pa kuanika, turubai ndiyo paa.

Muuguzi wa Kijiji
Kivulini ndani ya kibanda inatosha, ndiyo maana nimetaja saa tano. Tandaza kwenye mabeseni mawili mapana, tabaka jembamba. Na mkipata sombe (majani ya muhogo), itwangwe vizuri na kuchemshwa sana, nayo ina sumu ileile.

Ndizi_Masisi
Migomba nayo isisahaulike. Mnyauko wa bakteria ulionekana Masisi 2001, na shamba lisilo na mtu ndimo unamoenea, maana wadudu huubeba kutoka ua hadi ua. Chane ya mwisho ikishatoka, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Panga la kuazima lipitishwe motoni hadi lisishikike kabla ya kugusa mgomba wa pili.