Mrejesho: lile boma la wodi ya wazazi limepauliwa

Wakuu habari, kipindi kile niliuliza tufanyeje, wananchi tumechanga tumejenga boma la wodi ya wazazi kwenye kituo chetu cha afya hadi kwenye lenta, halafu likakaa miaka mitatu linaota nyasi.

Aliyenambia nianze na kamati ya afya badala ya kukimbilia kwa mbunge Mungu ambariki. Kumbe boma halikuwemo kabisa kwenye mpango wa halmashauri, na kama mradi haumo kwenye bajeti hata hela zikija zinapita juu kwa juu. Tukapeleka muhtasari wa mkutano wa kijiji, ukapita WDC (kamati ya maendeleo ya kata), injinia akaja akagongagonga ukuta akasema lenta ya upande mmoja ibomolewe, nondo hazitoshi. Iliuma, zege lile tulibeba kwa ndoo kichwani.

Hela sasa, mfuko wa jimbo ulitoa bati, halmashauri mbao na fundi kutoka mapato ya ndani, sisi mchanga, maji na elfu tano kila kaya (wengine hadi leo wanatukwepa njiani). Manunuzi ni kwa fosi akaunti, yaani tunanunua vifaa na kutafuta fundi wenyewe bila mkandarasi, mimi niko kamati ya mapokezi, nikarudisha lori zima la bati maana tulikubaliana geji 28 wakaleta 30 ambazo ni nyembamba zaidi, dereva alinuna balaa, lakini wiki iliyofuata zikaja zenyewe za 28.

Bado plasta, umeme na shimo la kutupia kondo la nyuma. Vitanda ndo tunahangaika, mwenye uzoefu wa kuviombea MSD (Bohari ya Dawa ya serikali) anielekeze.