Naomba ushauri: kuonja utamu na harufu ya mafuta ya taa kwenye Riesling

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kuonja mvinyo mweupe wa Kijerumani.

Niko Trier, Ujerumani, nahudumu mgahawani, na mwezi ujao nina mtihani wa kuonja bila kuona lebo. Zinazonisumbua ni Riesling (mvinyo wa zabibu nyeupe za jina hilo) za bonde la mto Mosel. Juzi nilionja mbili, zote za daraja la Kabinett: moja imeandikwa trocken (yaani kavu, isiyo tamu), kilevi asilimia 11.5, nyingine haina neno hilo, asilimia 8. Najua hii ya pili ina sukari iliyobaki, maana uchachushaji ulisimamishwa mapema, lakini ukali wake wa ndimu mbichi unaufunika utamu hadi naona zimekaribiana. Na Kabinett yenyewe hainisaidii, kwa sababu inaeleza ukomavu wa zabibu zilipovunwa, si utamu ulio kwenye glasi.

Nimejaribu kuziacha zipande kutoka nyuzi 8 hadi 12, nikaonja, nikatema na kusubiri. Utamu ulijitokeza kidogo, ila bado nabahatisha.

Halafu kuna chupa ya 2012 iliyonuka mafuta ya taa waziwazi, kama kibatari kilichozimwa sasa hivi. Mimi niliipenda, mwenzangu akasema imeharibika.

Naomba mnisaidie: ukali ukiwa mwingi hivyo, mnaupimaje utamu mdomoni? Na harufu ya mafuta ya taa niiandike kama dalili ya umri au kasoro, mpaka mnauweka wapi?

Natanguliza shukrani.