Kurudia biti kunaua kasi: Shannon alimaanisha nini?

Mwanafunzi, Mbarara
Ndugu wapendwa, katika njia ya mawasiliano ambayo kila biti (0 au 1) ina uwezekano wa 0.1 wa kugeuzwa, nimekokotoa kwamba kurudia biti mara 3 na kufuata walio wengi hushusha kosa hadi 0.028, na kurudia mara 5 hadi takriban 0.0086. Nikitaka kosa likaribie sifuri, nitarudia bila mwisho na kasi, yaani sehemu ya biti zinazotumwa iliyo ujumbe wenyewe, itakufa. Iweje basi Claude Shannon, mwasisi wa nadharia ya habari, alithibitisha mwaka 1948 kwamba kasi yoyote iliyo chini ya takriban 0.53 inafikika, kosa likiwa dogo kadiri tupendavyo?

Mhandisi, Jinja
Hesabu zako ni sahihi, ila umedhani kurudia ndiyo kinga pekee. Kinachokinga ni umbali, yaani idadi ya nafasi ambazo maneno mawili (mifuatano ya biti tuliyokubaliana kuituma) yanatofautiana. Kondakta wa Kampala akiita "Masaka" katikati ya honi, aliyesikia silabi ya kwanza tu aweza kujikuta ndani ya basi la Masindi. Gulu haina balaa hilo. Richard Hamming, mwanahisabati wa Marekani, katika makala yake ya mwaka 1950, alichukua biti 4, akaongeza 3 za ukaguzi, akapata maneno 16 kati ya mifuatano 128, yakitofautiana kwa nafasi zisizopungua 3. Kila neno na jirani zake 7, wanaotofautiana nalo kwa nafasi moja tu, ni mifuatano 8, na 16 mara 8 ni 128 kamili: hakuna mfuatano uliobaki yatima. Kosa moja hurekebishwa kwa kasi ya 4/7 badala ya 1/3.

Mwanafunzi, Mbarara
Nashukuru. Hata hivyo, kwenye njia yangu neno la biti 7 hupata makosa 2 au zaidi karibu mara 15 katika 100.

Mhadhiri, Gulu
Ndiyo maana msimbo huo wa Hamming, yaani orodha yake ya maneno, hautoshi. Dawa ni urefu. Katika biti 7 idadi ya makosa huyumba mno, lakini katika biti 10,000 itakuwa karibu 1,000, na mchepuko sanifu, yaani kiasi cha kawaida cha kuyumba, ni 30 tu. Entropia (kipimo cha kutotabirika, kwa biti) ya 0.1 ni takriban 0.469, kwa hiyo kelele huweza kuligeuza neno moja kuwa takriban mifuatano 2 kwa kipeo cha 4,690, kati ya yote iliyopo, 2 kwa kipeo cha 10,000. Gawanya: kuna nafasi ya maneno 2 kwa kipeo cha 5,310 hivi yasiyogongana ila kwa nadra, na hiyo ndiyo 0.53 yako. Shannon aliyachagua maneno hayo kwa bahati nasibu, bila kutuonyesha namna ya kuyasimbua, yaani kuyatambua tena baada ya kelele, kwa haraka. Kazi hiyo aliwaachia wengine.